Jinsi ya kufundisha somo la utakaso kwa damu: ifuate damu inakokwenda

Somo la damu huimbwa sana na kuelezwa kidogo. Mkristo aliyekulia kanisani atakuimbia nyimbo za damu ya Yesu asubuhi mpaka jioni, lakini mwulize damu hiyo inamtakasaje mtu, atakujibu "kwa imani", na mazungumzo yataishia hapo. Jibu hilo si kosa. Tatizo ni kwamba halimwonyeshi mtu njia, na siku dhamiri inapomshtaki anakosa pa kushika.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasa la Biblia, kiongozi wa jumuiya au seli ya nyumbani, na katekista mwenye darasa la watu wazima. Somo limegawanywa katika vipindi 4 vya dakika 75, kimoja kwa wiki, kwa watu 8 hadi 15. Wakizidi 20, ligawe darasa, maana sehemu kubwa ya kazi hapa hufanywa kwa miguu na mikono, na kundi kubwa hugeuka watazamaji.

Njia ni moja tu kwa vipindi vyote: usianze na maana ya damu, anza na safari yake. Kila andiko liulize maswali haya matano, yaliyoandikwa kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ukutani:

1. Ni damu ya nani?
2. Nani amechinja?
3. Nani ameibeba damu?
4. Imepakwa, imenyunyizwa au imemwagwa wapi?
5. Baada ya hapo, ni nini kinachoruhusiwa ambacho kabla yake hakikuruhusiwa?

Swali la nne ndilo ambalo walimu wengi huliruka, na la tano ndilo swali la utakaso wenyewe. Ukiyaruka hayo mawili utabaki na mnyama aliyekufa na mtu aliyesamehewa, bila kujua kilichowaunganisha.

Kwanza safisha maneno

Tenga dakika 15 za kipindi cha kwanza kwa maneno matatu. Usipofanya hivyo, darasa litasikia kitu kingine kila unapofungua kinywa.

Neno la kwanza ni utakaso. Katika Kiswahili, takata, takasa na takatifu ni ukoo mmoja, na mzizi wao ni usafi: kitu kilichotakata hakina uchafu. Kwa hiyo msikilizaji wetu akisikia "utakatifu" anasikia kuoshwa. Kiebrania kina maneno mawili yasiyo ya ukoo mmoja: moja la kuwa safi, kinyume chake najisi, jingine la kuwa mtakatifu, yaani kuwa mali ya Mungu, kinyume chake kuwa wa kawaida. Walawi 10:10 inataja jozi zote mbili. Mfano wa jikoni unatosha: kikombe kilichooshwa ni safi, lakini bado ni kikombe cha kila mtu. Kikombe cha Meza ya Bwana kimeoshwa na pia kimetengwa. Hakuna anayekichukua akanywee uji. Damu katika Biblia hufanya yote mawili, huondoa uchafu na kumweka mtu upande wa Mungu. Anayefundisha la kwanza peke yake huwapa watu dini ya kuoga na kuchafuka, kuoga na kuchafuka.

La pili ni kafara. Neno hili limetoka Kiarabu, na mzizi wake ni ndugu wa lile la Kiebrania tunalolitafsiri "upatanisho". Lakini mtaani "ametolewa kafara" ni maneno ya kutisha: mtu amemtoa ndugu yake apate utajiri. Liweke wazi mapema. Waambie kuwa katika somo hili utatumia "upatanisho" na "sadaka ya dhambi", na kwamba hakuna mahali Torati inaporuhusu damu ya mwanadamu juu ya madhabahu.

La tatu ni sadaka, ambalo kwa masikio ya leo ni noti ndani ya bahasha. Sema mara moja kwamba hapa ni mnyama au unga, kisha songa mbele.

Kamba, vigingi na utepe

Andaa kamba ya mita 40, vigingi 10, mawe 4 ya ukubwa wa ngumi, katoni tatu ndogo, na utepe mwekundu wa mita 3 uliokatwa vipande 20 vya sentimita 15. Unachora uwanjani Hema ya kukutania, yaani hema ya ibada ya Waisraeli jangwani, kwa kipimo hiki: mkono mmoja wa Biblia, ambao ni kama sentimita 45, unakuwa sentimita 10 zako.

Ua ulikuwa mikono 100 kwa 50 (Kutoka 27:18), kwa hiyo wako ni mita 10 kwa 5. Hema yenyewe, ukihesabu mbao zake, ilikuwa mikono 30 kwa 10. Yako ni mita 3 kwa 1. Isogeze upande wa magharibi wa ua, mlango wa hema na mlango wa ua vyote vitazame mashariki. Ndani, pima mita 2 kutoka mlangoni, vuta kamba ya pazia. Nyuma ya pazia kuna mita 1 kwa 1: hapo ni Patakatifu pa Patakatifu. Madhabahu ya shaba, ya mikono 5 kwa 5, itakuwa mraba wa sentimita 50 katikati ya uwanja wa mbele, na yale mawe manne ni pembe zake. Katoni moja mbele ya pazia ni madhabahu ya uvumba. Nyingine nyuma ya pazia, sentimita 25 kwa 15, ni sanduku la agano na kiti cha rehema, yaani kifuniko chake. Ya tatu itakuwa mnyama.

Kama hakuna uwanja, chora kwa chaki kwenye sakafu kwa nusu ya vipimo hivyo. Waambie pia ukubwa halisi: chumba cha ndani kabisa kilikuwa kama mita 4.5 kila upande, sawa na sebule ya kawaida. Watu hushangaa. Walidhani ni ukumbi.

Vipande vya utepe ndivyo damu. Usitumie damu halisi, wala rangi, wala juisi nyekundu: watoto huogopa, vijana hucheka, na mavazi yakichafuka darasa limekwisha. Utepe una faida moja kubwa, kwamba unabaki pale ulipowekwa, na mwisho wa kipindi kila mtu anaona kwa macho damu ilifika wapi. Mnyama hai usimlete. Darasa litamtazama mbuzi.

Kipindi cha 1: mlangoni na chini ya mlima

Soma Kutoka 12:3-13 na 12:21-23. Mwanakondoo au mwanambuzi dume wa mwaka mmoja, asiye na ila, anachukuliwa siku ya 10 na kuchinjwa siku ya 14 jioni. Siku nne anakaa nyumbani na watu. Damu inakingwa bakulini, inachovywa kwa tawi la hisopo, inapigwa kwenye kizingiti cha juu na miimo miwili. Funga vipande vitatu vya utepe kwenye mlango wa chumba mlichomo, kisha watu wapite chini yake waingie ndani. Wakiwa ndani, uliza: kwa nini hakuna aliyeruhusiwa kutoka mpaka asubuhi? Na walikuwa wakifanya nini humo? Walikuwa wanamla yule aliyekufa, amechomwa motoni, wamefunga mikanda, tayari kwa safari. Damu iko nje, nyama iko ndani, na watu wako katikati.

Hapa ndipo litakapotokea jambo la "kuifunika kwa damu". Wapo wanaofunika gari, duka na simu kwa damu ya Yesu, kwa kulitamka neno hilo mara tatu. Usiwadhihaki, wengi wanaogopa kweli. Warudishe kwenye maswali matano. Damu ya Pasaka iliwekwa kwa agizo la Mungu, usiku mmoja, kwenye nyumba ya watu waliokaa ndani kwa utii. Haikuwa hirizi ya kuvaliwa safarini. Kumwomba Mungu ulinzi ni haki ya mtoto kwa baba yake, lakini neno "damu" likitamkwa kama dawa ya kufukuza mapepo limetolewa kwenye kazi yake. Wakitaja Ufunuo 12:11, waombe waisome hadi mwisho: walimshinda kwa damu ya Mwanakondoo, na kwa neno la ushuhuda wao, *ambao hawakupenda maisha yao hata kufa*. Kifungu hicho cha mwisho hukatwa kila mara.

Nenda Kutoka 24:3-11 kwa dakika 25 zilizobaki. Musa anagawa damu nusu kwa nusu: nusu inanyunyizwa juu ya madhabahu, nusu inabaki mabakulini. Kisha anasoma kitabu cha agano, watu wanakubali kutii, ndipo nusu ya pili inawanyunyizia watu. Mpangilio huu usiuvuruge: neno limesomwa *kabla* ya damu kuwafikia watu. Damu moja imegusa pande mbili, na pande hizo mbili sasa zimefungwa pamoja. Na swali la tano? Mstari wa 9 hadi 11 unajibu: wazee wanapanda mlimani, wanamwona Mungu wa Israeli, wanakula na kunywa. Walipokuwa wakizuiliwa kugusa hata tako la mlima, sasa wameketi mezani. Maneno ya Yesu juu ya kikombe, "damu yangu ya agano" (Mathayo 26:28), yametoka hapa.

Kipindi cha 2: mkono wa mwenye kosa, kidole cha kuhani

Hiki ndicho kipindi kizito, kisipewe chini ya dakika 75. Toka nje kwenye kamba.

Chagua mtu mmoja awe mwenye kosa, mwingine kuhani. Mtu wa tatu asome Walawi 4:27-31 polepole, na wale wawili wafanye kila tendo linaposomwa. Mwenye kosa analeta mbuzi jike asiye na ila. Anaweka mkono juu ya kichwa chake. Anachinja. Kuhani anachukua damu kwa kidole, anaipaka pembe za madhabahu, inayobaki yote anaimwaga chini ya madhabahu. Mafuta ya mnyama yanateketezwa. Naye anasamehewa.

Simamisha hapo na uliza swali la pili: nani amechinja? Karibu darasa zima litasema kuhani. Warudishe kwenye andiko: ni mwenye kosa mwenyewe. Kazi ya kuhani inaanzia kwenye damu. Na kuchinja kunatajwa kwa neno moja au mawili, wakati damu inaelezwa kwa sentensi nzima. Torati haisemi lolote juu ya kumtesa mnyama wala maumivu yake. Anayehubiri kana kwamba Mungu alikuwa akiridhika na mateso ameweka uzito pale ambapo Walawi haikuuweka.

Swali la nne lina mshangao mkubwa zaidi: utepe uko wapi? Uko kwenye mawe ya madhabahu. Mwenye kosa hana hata kipande kimoja mwilini. Katika sura yote ya 4 damu haimgusi mkosaji.

Sasa fanya 4:3-7, kosa la kuhani aliyetiwa mafuta. Mnyama ni fahali. Damu inavuka mlango wa hema, inanyunyizwa mara 7 mbele ya pazia, inapakwa pembe za madhabahu ya uvumba. Kosa la mkutano wote linafuata njia hiyo hiyo. Kosa la mtawala, kwa mbuzi dume, linabaki nje kama la mtu wa kawaida. Waache watazame utepe na waseme wenyewe wanachoona: kosa la anayesimama karibu zaidi na Mungu, au la taifa zima, limechafua ndani zaidi, na damu imelifuata huko lilikofika. Mchungaji au mzee wa kanisa akiwa darasani, usimtazame. Andiko linatosha.

Ndipo usome Walawi 17:11, na ulichunguze neno "nimewapa". Katika matambiko tunayoyajua, watu hutoa damu kwenda kwa mizimu ili kutuliza hasira. Hapa mwenye kutoa ni Mungu: "nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu". Uhai ni wake, na anawapa wenye kosa ili wawe na kitu cha kurudi nacho. Mstari huu peke yake ukieleweka, kipindi kimelipa.

Mtu atauliza kuhusu kisusio, ile supu ya damu, au kuhusu wafugaji wanaokunywa damu ya ng'ombe. Ni swali halali, kwa sababu katazo la kula damu limo katika sura hiyo hiyo na lilirudiwa na mitume (Matendo 15:29). Eleza sababu ya Walawi, kwamba damu imetengwa kwa madhabahu. Eleza kwamba makanisa yanatofautiana kama agizo la Matendo linafunga leo. Dakika tano. Ukiliachia, kipindi kitageuka mjadala wa supu.

Kwa dakika 25 za mwisho, uliza: je, kuna damu inayomgusa mtu? Ipo, mara chache. Kutoka 24 mmekwisha kuiona. Walawi 8:23-24 ni ya pili: Haruni na wanawe wanapakwa damu kwenye ncha ya sikio la kuume, kidole gumba cha mkono wa kuume na kidole kikubwa cha mguu wa kuume, kisha wanakaa mlangoni pa hema siku 7. Walawi 14:14 ni ya tatu: mwenye ukoma aliyepona, sehemu zile zile tatu. Funga utepe kwenye kidole gumba cha kila mshiriki, wautazame, halafu uliza watu hawa wana nini sawa. Taifa linaingizwa katika agano, kuhani anaingizwa katika kazi, mkoma anarudishwa kambini. Wote wanatoka nje kuingia ndani. Damu ikimgusa mtu inamhamisha. Sikio la kumsikia Mungu, mkono wa kazi, mguu wa mwendo, vyote vimebadili mmiliki.

Tahadhari moja kwa wahubiri wenye haraka. Katika Walawi 14 mafuta yanapakwa *juu ya damu*, na wengi hujenga hapo fundisho kwamba upako huja baada ya utakaso, bila kukosa. Lakini katika Walawi 8 Haruni anamiminiwa mafuta kichwani kwanza (mstari wa 12), kabla ya damu kufika sikioni. Usijenge nyumba juu ya mpangilio ambao Torati yenyewe inaugeuza.

Kipindi cha 3: siku moja kwa mwaka

Walawi 16, siku ya 10 ya mwezi wa 7. Sura hii ina matendo mengi na walimu huyachanganya, kwa hiyo yafuate kwa mstari. Haruni anavua mavazi ya fahari, anaoga, anavaa kitani tupu. Fahali ni kwa ajili yake na nyumba yake. Mbuzi wawili wanapigiwa kura, mmoja wa BWANA, mwingine wa kupelekwa jangwani. Anachinja fahali. Anaingia na chetezo, moshi wa uvumba ufunike kiti cha rehema asije akafa. Anaingia na damu ya fahali: kidole, upande wa mashariki wa kiti cha rehema, kisha mbele yake mara 7. Anachinja mbuzi wa BWANA, anaingia tena, vile vile. Anatoka kwenye madhabahu, anapaka pembe damu ya wote wawili, ananyunyiza mara 7. Ndipo mbuzi hai anawekewa mikono miwili, dhambi zote zinaungamwa juu yake, anapelekwa jangwani.

Mtu mmoja afanye safari hizo zote kwenye kamba huku wengine wamesimama nje ya ua kimya. Ataingia nyuma ya pazia zaidi ya mara moja, na mtu atasema, "Mbona Waebrania inasema mara moja kwa mwaka?" Ni siku moja kwa mwaka, si hatua moja.

Makosa mawili ya kusahihisha hapa. La kwanza ni hadithi ya kamba iliyofungwa mguuni mwa kuhani mkuu ili avutwe akifa, na kengele za kujulisha kama bado yu hai. Kamba hiyo haimo katika Biblia hata kwa neno moja. Kengele zimo katika Kutoka 28, lakini zilishonwa kwenye joho, na siku ile, kwa mujibu wa Walawi 16:4, aliingia kwa kitani. La pili ni kufikiri mbuzi wawili ni kitu kimoja kilichorudiwa. Damu ya wa kwanza inasafisha *mahali* (16:16). Wa pili hamwagi damu. Anabeba *dhambi* na kuziondoa machoni. Watu hulia hapa mara nyingi, na usiwakatize: wapo waliosamehewa miaka mingi ila hawajawahi kuona dhambi yao ikienda mbali.

Kabla ya kufunga, waonyeshe mpaka wa yote haya. Walawi 5:11 inamruhusu maskini asiyeweza hata njiwa wawili kuleta sehemu ya kumi ya efa ya unga, yaani kama lita 2 hivi, bila tone la damu. Ndiyo maana Waebrania 9:22 inasema "karibu" vitu vyote husafishwa kwa damu; neno hilo halikuwekwa kwa bahati. Na Hesabu 15:30 haina sadaka kwa atendaye kwa kiburi, mkono umeinuliwa. Daudi alilijua hilo. Katika Zaburi 51 anaomba hisopo, chombo cha damu, lakini anakiri kwamba dhabihu haitoshi. Waache waondoke na njaa hiyo. Usimlete Yesu katika dakika tano za mwisho kwa kuwaonea huruma. Wiki moja ya kungoja inafundisha kitu.

Kipindi cha 4: Waebrania

Anza ndani ya kamba, kila mtu akiwa amesimama mlangoni mwa hema. Yapitie maswali matano tena kwa Waebrania 9:11-14. Damu ya nani? Yake mwenyewe. Nani aliyeibeba? Yeye huyo, kuhani na sadaka kwa pamoja. Imefika wapi? Mbinguni penyewe, na mahali ambapo damu ya mbuzi haikufika kamwe: dhamiri. Inaruhusu nini? Kumwabudu Mungu aliye hai. Ondoa kamba ya pazia, soma 10:19-22, na watu waingie mmoja mmoja. Mita 1 kwa 1 haiwatoshi. Watabanana, na ni vizuri.

Kisha weka mistari mitatu ubaoni, uipige mstari sehemu ya kitenzi, kwa sababu Kiswahili kinaionyesha vizuri:

10:10, tu*me*pata utakaso, kwa kutolewa mwili wa Yesu Kristo mara moja tu.
10:14, hao wa*na*otakaswa.
12:14, tafute*ni* kwa bidii huo utakatifu.

Limekwisha, linaendelea, linaagizwa. Makanisa yetu yanagombana kwa kushika kimoja kati ya hivi. Walutheri hulinda -me-, wakihofia mtu ategemee juhudi zake. Walio katika mkondo wa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, na Wapentekoste wengi waliourithi, husisitiza tendo la neema linaloukamilisha moyo baada ya wokovu. Warekebisho, yaani walio katika mkondo wa Calvin, husema kukua ni kwa taratibu mpaka kaburini. Wakatoliki huiona damu ileile ikitolewa kwao katika Ekaristi, na dhamiri ikitibiwa katika Kitubio. Eleza kila upande kama wenyewe wanavyojieleza, kisha sema msimamo wa kanisa lako bila kuficha. Kinachoharibu ni kushika kitenzi kimoja na kufuta viwili: anayebaki na -me- peke yake hulala, anayebaki na amri peke yake huchoka na kuacha.

Kwa anayeuliza "nikianguka leo je?", mpeleke 1 Yohana 1:7-9. Damu inasafisha wale *wanaoenenda nuruni*, na nuruni maana yake ni kuungama. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ulisambaa Uganda, Kenya na Tanganyika juu ya mstari huu: ndugu waliketi pamoja wakaungama kwa majina ya dhambi zenyewe, wakarudisha walivyoiba, wakaimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Onyo moja: kuungama mbele ya kundi kunahitaji mipaka. Dhambi inayomtaja mtu mwingine iungamwe kwa mhusika au kwa kiongozi anayeaminika, la sivyo unamtakasa mmoja kwa kumwaibisha wa pili.

Bakiza dakika 15. Mwombe mmoja asome Walawi 16:27: wale wanyama ambao damu yao iliingia ndani, miili yao ilitolewa ikateketezwa nje ya marago. Damu inaingia, mwili unatoka. Kisha watoe wote nje ya kamba, nje ya ua kabisa, ikiwezekana karibu na barabara au jalala, na hapo ndipo msome Waebrania 13:11-13. Yesu aliteswa nje ya lango ili awatakase watu kwa damu yake. Basi tumtokee huko, tukichukua shutumu lake. Walioingizwa ndani kabisa na damu ndio wanaopelekwa nje kabisa pamoja naye. Wakati wa Mau Mau nchini Kenya, katika miaka ya 1950, Wakristo wa uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kiapo kilichotumia damu ya mbuzi, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo. Walikataa pia kushika silaha za serikali. Baadhi yao waliuawa na jamaa zao wenyewe.

Msiwe na hotuba baada ya hapo. Toa vipande vya utepe vilivyobaki, kila mtu ajifungie kidole gumba cha kuume, na akiwa amesimama hapo hapo nje amtaje kimoyomoyo mtu mmoja ambaye kanisa lake lisingependa aonekane naye. Dakika tatu za kimya. Kisha waende nyumbani bila kurudi ndani ya kamba, utazikusanya mwenyewe.